Anayeripoti, Anayeripotiwa na Mwenye Taarifa

Mkaazi wa Lamu anayemwombea mtoto wake basari, anayejiandikisha katika kikundi cha wavuvi cha BMU, anayelipa ada ya kibanda sokoni au anayepimwa hospitalini huacha kila mahali jina lake kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na, mara nyingi, mambo ambayo asingependa jirani ayajue. Zamani habari hizo zilikaa katika daftari moja lililofungiwa kabatini. Siku hizi zimo katika kompyuta ya ofisi, katika simu ya karani, katika seva ya kampuni iliyopewa kandarasi ya kuunda mfumo, na pengine katika kundi la WhatsApp ambamo maafisa hutumiana orodha ili kazi iende haraka. Sheria za Kenya zina mengi ya kusema kuhusu namna ofisi za umma zinavyotakiwa kuzilinda taarifa hizo na kutoa ripoti juu ya ulinzi huo. Shida ni kwamba maagizo yenyewe yametawanyika katika sheria kadhaa, kila moja ikiwa na mpokeaji wake wa ripoti na muda wake wa kuhesabu, na katika njia zote hizo mwenye taarifa ndiye anayejuzwa mwisho, kama atajuzwa.

Msingi wa yote ni Katiba ya 2010. Ibara ya 31 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutotakiwa kufichua bila sababu habari za familia yake au za maisha yake binafsi. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Wako maafisa wanaozisoma ibara hizi kana kwamba zinapingana, wakaitumia ya kwanza kumnyima mtu haki yake chini ya ile ya pili. Lakini zinagawana kazi tu: moja inamkinga mwananchi na ofisi inayojua mambo yake, na nyingine inamwezesha kuiuliza ofisi hiyo hiyo inayafanyia nini.

Siku ya shambulio

Njia nyepesi ya kuuelewa mfumo wa kuripoti ni kufuata tukio moja la kubuni. Ni Ijumaa alasiri, upande wa Mokowe yaliko makao makuu ya kaunti. Karani wa basari anajaribu kufungua orodha ya wanafunzi anakuta mafaili yote yamebadilishwa majina, hayafunguki, na kwenye skrini pametokea ujumbe wa kudai fedha. Boti ya kuwavusha maafisa wanaoishi kisiwani inakaribia kung'oa nanga. Karani anazima kompyuta, anafunga mlango, anajiambia kwamba Jumatatu fundi atakuja kuitazama.

Wakati anapanda boti, saa za kisheria zimeshaanza kuhesabiwa. Ya kwanza ni ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Kifungu cha 40 kinamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta, uwe wa umma au wa binafsi, aijulishe kamati ya kitaifa inayoratibu masuala hayo juu ya shambulio lolote ndani ya saa 24. Kamati hiyo huongozwa na Katibu wa Wizara anayehusika na usalama wa ndani, na ndani yake wamo wawakilishi wa jeshi, polisi, idara ya ujasusi na Benki Kuu. Asiyeripoti anatenda kosa la jinai, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 2, au vyote viwili. Kufikia Jumamosi alasiri, ofisi yetu ya basari imeshakuwa na kesi ya kujibu.

Saa ya pili ni ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 43 kinasema kwamba taarifa za mtu zikifikiwa au kuchukuliwa na asiyeruhusiwa, na pakawa na hatari ya kweli ya mwenyewe kudhurika, mdhibiti wa data, yaani ofisi iliyoamua kuzikusanya, lazima amjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu. Akichelewa, aambatishe sababu. Kama mfumo unaendeshwa na kampuni ya nje, kampuni hiyo, ambayo sheria inaiita mchakataji, nayo ina saa 48 za kuiarifu ofisi. Saa 72 za Ijumaa alasiri huisha Jumatatu alasiri, na wikendi haitolewi katika hesabu. Fundi akifika Jumatatu saa nne asubuhi na kutumia siku nzima kujaribu kuyafungua mafaili, muda umemalizikia mikononi mwake.

Hapa kuna swali ambalo nadhani ofisi nyingi hulikwepa: ofisi hufahamu lini? Mkurugenzi anaweza kudai kwamba yeye aliarifiwa Jumanne, kwa hivyo saa zihesabiwe kuanzia Jumanne. Kwa maoni yangu, hoja hiyo haina miguu. Karani aliyeajiriwa kuitunza orodha akijua, ofisi imejua. Vinginevyo kila taasisi ingejitengenezea muda kwa kuchelewesha tu habari isipande ngazi.

Wa tatu kuarifiwa ni mwenye taarifa. Yeye hakuwekewa idadi ya saa. Sheria inasema aandikiwe katika muda unaowezekana, na inaruhusu arifa hiyo icheleweshwe ikiwa itavuruga uchunguzi wa kosa. Tena haihitajiki kabisa ikiwa data ilikuwa imefichwa kwa msimbo ambao mwizi hawezi kuusoma. Sababu hizo mbili zina mantiki, lakini ukizipanga arifa hizi tatu kwa zamu utaona picha yake: kamati ya usalama siku 1, Kamishna siku 3, na mama wa mwanafunzi aliyeko Faza au Kizingitini, ambaye nambari yake ya simu sasa iko kwa tapeli, wakati wowote itakapowezekana.

Si kila shambulio linaziamsha saa zote. Mwezi Julai 2023 tovuti ya eCitizen, ambayo Serikali ilikuwa imetoka kutangaza kwamba inatoa huduma zaidi ya 5,000, ilishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Waliifurisha kwa maombi ya uongo mengi kiasi kwamba watumiaji halisi hawakuweza kuifikia, na hata ununuzi wa tokeni za umeme ukakwama. Waziri wa teknolojia wa wakati huo alithibitisha shambulio na kusema hakuna data iliyopotea. Shambulio la namna hiyo linaziba huduma bila kuiba chochote, kwa hivyo linaangukia kifungu cha 40 cha sheria ya 2018 na si kifungu cha 43 cha sheria ya 2019. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila ndiyo inayoamua kama Kamishna wa Data ataingia katika jambo au la. Inaamua pia kama wewe una haki ya kuandikiwa barua.

Ripoti za kabla ya ajali

Kuripoti baada ya kuibiwa ni nusu ya mambo. Nusu ya pili ni kuthibitisha mapema kwamba ofisi imejiandaa, na hapa ndipo utaratibu wa Kenya ulipo mwembamba.

Upo usajili. Tangu Julai 2022 wadhibiti na wachakataji wa data wanatakiwa kujisajili kwa Kamishna, na cheti hudumu miezi 24. Taasisi ya umma inayotekeleza kazi za serikali hulipa shilingi 4,000, iwe ndogo au kubwa. Usajili ni mwanzo mzuri kwa sababu unailazimisha ofisi kutamka inakusanya data gani na kwa lengo gani. Lakini cheti kinathibitisha kwamba fomu ilijazwa, hakithibitishi kwamba nywila ya mfumo haijulikani na kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya muda pale.

Ipo pia tathmini ya athari, inayotakiwa na kifungu cha 31 kabla ya kuanza shughuli yenye hatari kubwa kwa haki za watu. Kwamba hata Serikali Kuu inabanwa na takwa hilo, Mahakama Kuu ilisema waziwazi tarehe 14 Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah alipoamua kwamba usambazaji wa kadi za Huduma Namba, kitambulisho cha kidijitali, ulikuwa kinyume cha sheria kwa kuwa tathmini hiyo haikufanywa kwanza. Mabilioni yalikuwa yameshatumika. Sijui hukumu nyingine inayopaswa kusomwa zaidi na idara yoyote ya kaunti inayotaka kuzindua mfumo mpya wa kusajili watu.

Mamlaka ya TEHAMA imetoa viwango vya usalama wa taarifa kwa wizara, kaunti na mashirika ya umma, na sheria ya 2018, kifungu cha 13, inamtaka mwenye muundombinu muhimu wa taarifa awasilishe ripoti ya utekelezaji kila mwaka kwa ile kamati ya kitaifa. Muundombinu muhimu ni ule ambao ukizimika maisha ya watu, uchumi au usalama wa nchi utatikisika: umeme, benki, mawasiliano. Orodha ya basari haimo humo kwa tafsiri yoyote ya kawaida. Basi nani huiuliza ofisi ya basari, mwaka baada ya mwaka, kama inaweka nakala rudufu, kama ina mpango wa kurejea kazini baada ya janga, kama mtumishi aliyeacha kazi alifungiwa akaunti?

Jibu, kwa mshangao wa wengi, ni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ibara ya 229 inampa miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kumalizika kukagua na kutoa ripoti juu ya hesabu za kila taasisi ya umma, kaunti zikiwemo. Watu huisoma sehemu ya kwanza ya ripoti hizo, inayozungumzia fedha zisizo na stakabadhi, wakaishia hapo. Sehemu ya mwisho, inayohusu uthabiti wa udhibiti wa ndani, usimamizi wa hatari na utawala, ndiyo ambamo wakaguzi huandika kwamba taasisi fulani haina sera ya teknolojia iliyoidhinishwa au haina mpango wa kunusuru data. Aya hizo ni fupi na kavu. Hata hivyo zinachapishwa, zinapelekwa Bungeni au katika bunge la kaunti husika, na mwakilishi wadi anaweza kuzisimamia. Sijaona ripoti nyingine iliyo karibu hivyo na mwananchi, ilhali iliandikwa na watu waliokuja kutafuta fedha.

Walivyofanya Marekani

Marekani imelikabili jambo hili kwa sheria moja ya usalama wa taarifa za serikali ya shirikisho, FISMA, iliyopitishwa mwaka 2002 na kurekebishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 2014. Chini yake kila wakala wa serikali ya shirikisho una wajibu wa kuwa na mpango wa usalama wa taarifa. Taasisi ya viwango, NIST, huandika viwango vyenyewe. Ofisi ya bajeti iliyo chini ya Rais husimamia utekelezaji. Na mkaguzi mkuu wa ndani wa kila wakala, ambaye hachukui amri kwa wanaoendesha mifumo, hufanya tathmini yake huru kila mwaka. Tathmini hiyo hupima ukomavu kwa ngazi 5, kuanzia ofisi inayojiendea bila utaratibu hadi ile inayojirekebisha daima, na kwa kawaida ngazi ya 4 ndiyo inayohesabiwa kuwa salama ya kutosha. Muhtasari hupelekwa kwenye Kongresi kila mwaka, na tukio kubwa linapotokea Kongresi hutakiwa kujulishwa ndani ya siku 7.

Utaratibu huo unapendeza kwenye karatasi, na ndiyo maana kisa cha ofisi yao ya utumishi, OPM, kinafaa kukaliwa kitako. Mwezi Novemba 2014 mkaguzi wa ndani wa ofisi hiyo aliripoti kwamba mifumo mikubwa 11 ilikuwa ikiendeshwa bila idhini halali ya kiusalama, akashauri wafikirie kuizima. Haukuwa mwaka wake wa kwanza wa kuonya. Mifumo haikuzimwa. Mwaka uliofuata iligunduliwa kwamba wadukuzi walikuwa wameshaingia na kuchukua kumbukumbu za uchunguzi wa historia za watu milioni 21.5, wakiwemo watumishi wa umma, walioomba kazi na wenzi wao, pamoja na alama za vidole za watu milioni 5.6. Nywila hubadilishwa, kidole cha mtu hakibadilishwi.

Ripoti ilikuwepo, ilikuwa ya kweli, na ilifika kwa wakati. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka aliyeisoma na kulazimika kujibu kabla ya ajali. Rangi mpya ubavuni mwa jahazi haikwambii kama kalafati imetiwa, na hata fundi akikwambia haijatiwa, mwenye chombo anaweza bado kukitoa baharini kwa sababu mzigo unasubiriwa. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema kwamba Kenya inahitaji tu kuiga sheria kama hiyo. Kuna jambo moja katika sheria hiyo ambalo ningeliiga bila kusita: tathmini huru ya kila mwaka ya usalama wa taarifa pekee, isiyofichwa ndani ya ukaguzi wa fedha, inayotolewa hadharani na kuitaja kila taasisi kwa jina.

Faini hulipwa na nani

Kamishna wa Data anaweza kutoa adhabu ya hadi shilingi milioni 5 au, kwa shirika la biashara, asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Faini zilizotangazwa Septemba 2023, ambazo jumla yake ilikuwa shilingi 9,375,000, ziliangukia kampuni ya mikopo ya simu, kilabu cha burudani na shule. Zote ni za watu binafsi. Kwa taasisi ya umma adhabu ya fedha ni silaha butu, kwani faini ya idara ya kaunti hutoka katika mfuko ule ule uliokusudiwa basari na dawa. Fidia kwa aliyedhurika, ambayo sheria pia inairuhusu, ina maana zaidi, na amri ya kurekebisha mambo ina makali zaidi, maana kuikaidi ni kosa linaloweza kumfikisha mtu gerezani.

Neno usalama, na uzito wake Lamu

Lamu si mahali pa kawaida kwa mjadala huu. Tangu Linda Boni, operesheni ya kijeshi dhidi ya al-Shabaab katika msitu wa Boni, ilipoanza mwaka 2015, neno usalama limetumika hapa kueleza mambo mengi, mengine kwa haki. Sheria ya Ulinzi wa Data, kifungu cha 51, inausamehe masharti yake uchakataji wa data unaohitajika kwa usalama wa taifa au maslahi ya umma. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nayo, kifungu cha 6, inaruhusu ofisi kuzuia habari zinazoweza kuhatarisha usalama wa taifa. Mwombaji mwenye haya akisikia neno hilo, hukunja barua yake akarudi nyumbani.

Asiikunje haraka. Vyombo vya usalama wa taifa vimetajwa katika Ibara ya 239 ya Katiba navyo ni vitatu: majeshi, idara ya ujasusi na polisi. Ofisi ya basari, ya ardhi au ya uvuvi haimo. Isitoshe, sheria ya 2016 inaruhusu habari itolewe pale ambapo manufaa ya umma yanazidi madhara. Na Lamu imeshashinda hoja ya aina hii mahakamani. Tarehe 30 Aprili 2018, katika kesi ya mradi wa bandari, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki ya wakaazi ya kupata habari ilikiukwa, pamoja na haki zao za utamaduni, mazingira na riziki, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Fidia kama hiyo hailipwi bila orodha, na orodha ya wavuvi 4,600 yenye majina, vitambulisho na nambari za simu ni mali ambayo tapeli yeyote wa simu angeilipia. Kuuliza nani anayo, nani aliinakili na imehifadhiwa wapi si kuingilia siri za nchi.

Namna ya kuuliza

Ombi la habari kwa taasisi ya umma huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Sheria ya 2016 imezitaja lugha zote mbili kwa jina, na asiyeweza kuandika anastahili kusaidiwa na afisa. Huhitaji kueleza sababu. Hakuna ada ya ombi, isipokuwa gharama ya kiasi ya kutoa nakala. Mkuu wa taasisi ndiye afisa wa habari kisheria, ingawa anaweza kumkabidhi mwingine kazi hiyo, kwa hivyo barua iandikwe kwa jina la cheo chake.

Mafanikio ya ombi yako katika maswali. Ukiuliza mfumo unalindwa kwa programu gani, utakataliwa na itakuwa haki, kwa sababu jibu hilo lingemfaa mdukuzi kuliko wewe. Uliza nambari ya cheti cha usajili wa data na tarehe kinapoisha. Uliza kama tathmini ya athari ilifanywa kabla ya mfumo kuzinduliwa na uombe nakala yake. Uliza ni matukio mangapi yaliripotiwa kwa Kamishna katika mwaka wa fedha uliopita, na katika hayo ni watu wangapi walioarifiwa kwa maandishi. Swali la mwisho ndilo gumu kujibiwa kwa maneno matamu, maana linataka namba mbili tu na zinaweza kulinganishwa.

Kama unachotaka ni taarifa zako mwenyewe, njia ni nyingine na ni fupi zaidi: chini ya kanuni za ulinzi wa data za 2021 ofisi inatakiwa kukuonyesha inachokihifadhi juu yako ndani ya siku 7, bila malipo. Ikikataa, malalamiko kwa Kamishna yanaweza kutolewa kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.

Kwa ombi la habari za jumla muda ni siku 21, ambao unaweza kuongezwa mara moja kwa siku zisizozidi 14 ikiwa habari ni nyingi. Likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ofisi ikinyamaza, sheria inahesabu kimya hicho kuwa ni kukataliwa, na mwombaji ana siku 30 za kupeleka jambo lake kwenye Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana na wengi kama Ombudsman. Ndiyo maana barua ipelekwe ikiwa nakala mbili, na ile inayobaki kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku 21 huhesabiwa kuanzia hapo.